Usijitukane Mbele ya Mizani

Wewe uliyepanda mizani leo, ukaona namba imeongezeka na kuanza kujitukana, naomba unisikilize. Uzito unaweza kupanda kilo 1 au zaidi ndani ya siku moja kwa sababu ya maji na chumvi tu. Hayo si mafuta, wala si uvivu wako.

Anayejichukia hukata tamaa mapema. Akila maandazi mawili husema siku imeshaharibika, basi amalizie na soda na chipsi. Anayejitakia mema hula maandazi yaleyale, na jioni akatoka kutembea kama alivyopanga.

Wala lengo lisikutishe. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwataka watu waliokuwa hatarini kupata kisukari wapunguze asilimia 7 tu ya uzito na wafanye mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari hiyo ilipungua kwa asilimia 58. Kwa mwenye kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na ushei.

Nasi tulio pembeni, tuache kuwaita wenzetu “bonge” na kucheka. Mwenzako anahitaji mtu wa kutembea naye jioni. Leo mwambie, twende.