Wimbo wa Kiroho na Sikio la Msikilizaji

Kinachoufanya wimbo uwe wa kiroho kwa kawaida huelezwa kwa njia mbili, na zote mbili hazitoshi. Wapo wasemao ni maneno: wimbo unaomtaja Mungu ni wa dini, usiomtaja ni wa dunia. Kipimo hiki huwafaa wauza kanda na watangazaji wa redio, lakini hakina la kusema juu ya ngoma isiyo na maneno, wala juu ya mwimbaji anayetamka maneno matakatifu huku moyo wake uko sokoni. Wengine husema ni sauti yenyewe, kwamba kinanda kina heshima na gitaa la umeme halina. Hao nao hawajaeleza ni nani aliyekipa kinanda heshima hiyo.

Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, aligusa donda hili mwishoni mwa karne ya 4, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake. Aliyakumbuka machozi yaliyomtoka kanisani siku za mwanzo za imani yake, kisha akakiri kuwa kuna nyakati uimbaji humgusa kuliko kile kinachoimbwa. Likimtokea hilo alijihesabu mkosefu, akaona ingekuwa heri asimsikie mwimbaji. Hata hivyo hakutaka nyimbo ziondolewe kanisani, kwa sababu masikio huwasaidia walio dhaifu kuinuka.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alichimba zaidi. Katika Ihya Ulum al-Din alitenga kitabu kizima kwa ajili ya samaa, yaani usikilizaji, na wajdi, ile hali inayomshika msikilizaji. Kwake yeye muziki hauingizi kitu kipya moyoni, huchochea kilichokuwamo. Mwenye kumpenda Mola wake akisikia beti za mahaba humkumbuka Mola, na mwenye uchu akisikia beti zizo hizo uchu wake huwaka. Kwa hiyo hukumu moja haiwezi kuwaenea watu wote. Hata ala alizozikataza, za nyuzi na zumari, hakuzikataza kwa utamu wake, bali kwa kuwa zilikuwa alama ya vikao vya walevi. Tena aliweka masharti matatu ambayo wasomaji wengi huyapita haraka: wakati, mahali na wenzi. Asiye na hayo heri aache kusikiliza.

Humo humo Ghazali anaeleza jambo ambalo mwanachuoni mwingine angelifunika: kwa nini watu wa dini huweza kutikiswa na shairi kuliko kisomo cha Kurani. Sababu mojawapo ni mazoea. Kurani imehifadhiwa na imesikika mara nyingi, na kilichozoeleka hakimshtui mtu kama siku ya kwanza, ilhali shairi geni halijapoteza makali. Maelezo hayo yanafaa pia kwa wapenzi wa muziki wanaotafuta vikundi visivyojulikana. Si wote wanaojionyesha. Wengi wanatafuta ule mshtuko ambao wimbo wa kila Jumapili hauutoi tena. Hatari ni kwamba ugeni nao humgusa mtu, na mguso wa ugeni unafanana mno na mguso wa roho.

Missa Luba inalionyesha hilo waziwazi. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, kwaya iliyoongozwa na padri Mbelgiji Guido Haazen iliimba misa hiyo kwa maneno yale yale ya Kilatini ambayo kila Mkatoliki aliyajua, ila kwa ngoma na mtindo wa uimbaji wa Kongo. Maneno yaliyochakaa yakasikika upya. Miaka kumi baadaye, filamu ya Kiingereza iitwayo If.... iliutumia Sanctus wa misa hiyo: mwanafunzi mkaidi wa shule ya bweni anaupiga kwenye santuri, na wimbo wa utakatifu unakuwa wimbo wa uasi. Hakuna noti iliyobadilishwa. Kilichobadilika ni wakati, mahali na wenzi.

Lamu ilipitia mvutano wa namna hiyo kwa upande mwingine. Habib Swaleh, mzaliwa wa Ngazija aliyeasisi msikiti wa Riyadha, aliyapa matari nafasi katika maulidi, na wapo wenye hadhi mjini walioona ni kuushusha msikiti. Leo maulidi hayo huwavuta wageni kutoka mbali. Tari ni lile lile. Waliolizunguka ndio waliolipa maana.

Linabaki suala la kumshirikisha mwingine wimbo uliokugusa. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1790 juu ya hukumu, alitenganisha kinachopendeza na kilicho kizuri. Asemaye kinywaji fulani kinampendeza hamdai mtu kitu. Asemaye jambo ni zuri anadai wengine wakubali. Anayemtumia rafiki yake kasida au wimbo wa kwaya yuko katika kundi la pili, na ndiyo maana jibu la baridi humuuma. Inafaa kuongeza kwamba Kant mwenyewe alilalamika, ndani ya kitabu hicho hicho, juu ya majirani wanaoimba nyimbo za ibada nyumbani kwa sauti kubwa. Wakazi wa miji yenye spika za mahubiri usiku kucha watamwelewa.

Lakini dai la Kant ni zito mno kwa muziki wa kiroho, maana linataka makubaliano ya ladha pale ambapo kilichomo moyoni hakilingani. Asiyeamini anaweza kusikiliza maulidi ya homu ya Zanzibar, safu za wanaume waliopiga magoti wakiyumba kwa pamoja, akaona uzuri wa kweli bila kuona kile wanachokiona wao. Adabu za Ghazali zinatosha hapa. Anayesikiliza na asiguswe atulie, asijifanye ameguswa, wala asiwavuruge wenzake. Na mmoja akisimama kwa wajdi wa kweli, waliobaki nao husimama, si kwa kuwa wamepata alichokipata, bali kwa wema wa kuishi na watu.