Miaka 24 ya Kutia Mbolea



Katika Luka 13 kuna mtini usiozaa. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu mfululizo, hakuna kitu, anataka ukatwe. Mtunza shamba anamwombea mwaka mmoja zaidi. Wengi tunaushika huo mwaka wa nyongeza na kusahau alichoahidi kuufanyia: kulima kuzunguka shina na kutia mbolea. Hakuomba mti uachwe tu.

Nikisoma hapo namkumbuka Marilynne Robinson, mwandishi wa riwaya wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1943 huko Sandpoint, Idaho. Riwaya yake ya kwanza, Housekeeping, ilitoka 1980 na kusifiwa sana. Ya pili, Gilead, ikatoka 2004. Piga hesabu mwenyewe: miaka 24!

Hivi wewe ungeweza? Sisi tukikaa wiki mbili bila kuposti tunaona tumeshasahaulika. Kijana kamaliza chuo, mwaka wa pili yuko nyumbani, na kila sikukuu mjomba anauliza, "Vipi, bado?" Lile "bado" linauma, jamani. Linaweza kumsukuma mtu kwenye ndoa ya haraka, hata wito wa haraka. Ndiyo, hata seminari wapo wanaoikimbilia ili wapate jibu la kumpa mjomba.

Robinson hakukaa bure. Tayari alikuwa na shahada ya uzamivu, aliyoandikia juu ya Shakespeare, lakini akarudi kujisomesha upya: historia, teolojia, mambo ambayo shule ilimpitisha juujuu. Mwaka 1989 akatoa Mother Country, kitabu kikali kuhusu uchafu wa nyuklia wa Sellafield, Uingereza, kilichozua kesi huko. Kuanzia 1991 akafundisha uandishi Chuo Kikuu cha Iowa. Mwaka 1998 zikaja insha, The Death of Adam. Hiyo ndiyo mbolea, na aliyewahi kuibeba anajua hainukii vizuri.

(Niseme mapema: si Mkatoliki. Ni wa kanisa la Congregational, na Calvin anamtetea kwa moyo wote. Tutabishana naye siku nyingine, kumsoma siachi.)

Na Gilead yenyewe? Mwaka ni 1956, mji mdogo wa Iowa. Mchungaji mzee, John Ames, ana miaka 76 na moyo mgonjwa. Anamwandikia barua ndefu mwanawe asiyefikisha hata miaka saba, kwa sababu anajua hatamwona akikua. Ujanani alizika mke na mtoto, akakaa mpweke miaka mingi, familia hii akaipata uzeeni. Yaani hata mhusika wake ni mti uliozaa jioni! Mahubiri ya maisha yake yote yamejaa masanduku darini. Riwaya hiyo ilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2005, na kutoka mji uleule zikafuata nyingine tatu: Home (2008), Lila (2014) na Jack (2020).

Sasa wewe unayeambiwa "bado": mwaka huu unasoma nini? Unajifunza kwa nani? Unamhudumia nani pale kigangoni? Maswali hayo unaweza kuyajibu leo, hata bila ajira. Kama huna jibu hata moja, basi mwenye shamba ana hoja, na jembe bado liko pale pale.