Fundi Aliyeitwa Mshauri

Kampuni ninayoisimulia haina jina, kwa sababu nimeiunda kutokana na makosa ya kampuni nyingi. Sheria na viwango vilivyomo katika kisa hiki ndivyo vya kweli.

Makao yake ni Nairobi. Huuza na kufunga umeme wa jua majumbani, na mwaka 2022 ilivuka mpaka wa Sirari kutafuta wateja Kanda ya Ziwa. Haikuvuka kwa nia mbaya. Mkurugenzi wake, mama aliyeianzisha kwa mkopo wa chama chao cha akina mama, alikuwa akiwalipa wafanyakazi wake wa Nairobi bila kuchelewa. Aliwachangia NSSF, aliwapeleka likizo, na aliwakatia bima ya ajali kazini kama sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inavyotaka. Ukimuuliza mtu wa pale kazini kwao angekwambia wana mwajiri mzuri, na angesema kweli.

Alipohitaji mafundi na wauzaji Mwanza, Geita na Shinyanga, mfanyabiashara mwenzake alimpa njia ya mkato. Usisajili chochote huko, alimwambia. Waandikie mkataba wa ushauri, watumie pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi, mambo ya kodi na mafao watajijua wenyewe. Ndivyo Watanzania 12 walivyogeuka washauri kwa siku moja. Mkataba wenyewe ulinakiliwa kutoka ule wa Nairobi, na kifungu chake cha mwisho kilisema mgogoro wowote utaamuliwa kwa sheria za Kenya mbele ya mahakama za Kenya.

Mmoja wa washauri hao alikuwa kijana wa Ilemela, fundi hodari wa kufunga paneli. Ushauri wake ulikuwa hivi: saa mbili asubuhi awe amejipiga picha akiwa kwenye eneo la kazi na kuituma katika grupu la WhatsApp. Avae fulana ya kampuni. Ngazi, drili na pikipiki alizotumia zilikuwa mali ya kampuni. Kazi ya mtu mwingine hakuruhusiwa kuigusa, hata Jumapili. Alipofiwa na baba yake mdogo aliomba ruhusa Nairobi, akapewa siku mbili. Kila mwisho wa mwezi alipokea shilingi za Tanzania 600,000, na hakuwa na kipato kingine.

Mtu wa namna hiyo sheria ya Tanzania haikumwachia mwajiri ambatize jina analotaka. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinataja dalili kadhaa, na ikionekana hata moja, mtu huyo huchukuliwa kuwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Je, mwingine ndiye anayeelekeza namna anavyofanya kazi? Anayempangia saa? Amekuwa akimfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Anamtegemea kwa riziki yake? Anapewa vitendea kazi na mtu huyo? Anamtumikia huyo peke yake? Kijana wa Ilemela alikuwa na dalili hizo zote.

Kuhusu kile kifungu cha mahakama za Kenya, mkurugenzi alikuwa na mfano karibu yake kuliko alivyodhani. Mwaka 2022, hapo hapo Nairobi, Daniel Motaung, aliyekuwa amefanya kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook, aliishtaki Meta ya Marekani pamoja na Sama, kampuni iliyokuwa imemwajiri. Meta ilijitetea kwamba haikai Kenya wala haifanyi biashara Kenya, hivyo mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Februari 2023 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilikataa hoja hiyo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaikataa tena. Mkurugenzi wetu aliifuatilia kesi ile gazetini na kuwaombea vijana washinde. Haikumpitikia kwamba kwa watu wa Mwanza yeye ndiye kampuni ya ng'ambo.

Mwezi Agosti 2024 fundi aliteleza kwenye bati lililokuwa na umande. Alianguka kutoka juu ya nyumba ya mteja, paja likavunjika, na nyonga ikapata ufa. Wenzake walimkimbiza hospitali ya Bugando kwa bajaji. Jioni mkewe alipiga simu Nairobi.

"Shikamoo mama. Mimi ni mke wa fundi wenu wa Ilemela."

"Marahaba mwanangu. Tumesikia, pole sana. Anaendeleaje?"

"Daktari anasema lazima awekewe chuma mguuni. Wanauliza bima yake ni ipi."

Mkurugenzi alimwomba muda aulize ofisini. Aliwapigia watu wa bima yake, nao wakafungua faili na kumjibu kwa maneno machache: bima ile inawahusu wafanyakazi waliomo katika orodha ya mishahara ya Kenya. Huyu si mfanyakazi, kampuni yenyewe imeandika hivyo, na hayupo Kenya.

Hapa ndipo nchi mbili jirani, zenye lugha moja na maduka yanayofanana, zinapoachana kabisa. Kenya humtaka mwajiri anunue bima ya ajali kazini kwa kampuni ya bima. Tanzania Bara hufanya kwa njia nyingine: mwajiri hujisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na kuuchangia kila mwezi. Mfanyakazi akiumia kazini, Mfuko hugharimia matibabu, humlipa asilimia 70 ya kipato chake wakati hawezi kufanya kazi, na akibaki na ulemavu humlipa kwa ulemavu huo. Mchango huo ni wa mwajiri peke yake, hauruhusiwi kukatwa kwenye mshahara. Kwa viwango vya mwaka 2024 ulikuwa nusu asilimia. Kwa fundi wa 600,000, hiyo ni shilingi 3,000 kwa mwezi.

Naomba msomaji mwenye biashara asiharakishe kuipita hesabu hiyo. Shilingi 3,000, na mtu amelala wodini huku mkewe akizunguka kwa ndugu kukusanya pesa za chuma. Sijaona namna ya kulielezea jambo hilo likaonekana dogo.

Kampuni ilituma mchango wa rambirambi, maana ndivyo ulivyoonekana, ukiwa hautoshi hata nusu ya gharama. Wiki tatu baadaye afisa wa ofisi, bila kumshirikisha mkurugenzi, aliandika barua pepe fupi: kwa kuwa huduma haitolewi tena, mkataba wa ushauri umefikia mwisho. Fundi aliisomea kitandani kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Angenyamaza, kama wengi wanavyonyamaza. Jirani yake alikuwa mwanachama wa TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani na biashara, naye akamwambia jambo moja tu: una siku 30. Anayedai kwamba ameachishwa kazi isivyo halali hupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine hupewa siku 60. Ukichelewa huna budi kuomba ruhusa na kueleza sababu. Fundi alipelekwa ofisi ya CMA Mwanza akiwa na magongo, siku chache kabla ya muda kwisha.

Wakili wa Mwanza ambaye mkurugenzi alimtafuta kwa haraka alimwambia ukweli bila kuuremba. Mfanyakazi aliyekwisha fanya kazi zaidi ya miezi sita haachishwi ila kwa sababu ya haki na kwa utaratibu wa haki. Aliyeumia lazima asikilizwe, hali yake ya kiafya ichunguzwe, na atafutiwe kazi nyingine anayoiweza kama ipo. Barua pepe si utaratibu. Na kwa sheria ilivyokuwa wakati ule, fidia ya kuachishwa isivyo halali haikuwa chini ya mishahara ya miezi 12, yaani 7,200,000 kwa huyu mmoja, ukiacha notisi, likizo ambazo hakuwahi kupewa, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza.

Kisha wakili akaomba aonyeshwe mambo ya wale 11 waliobaki.

Kila jani alilofunua lilikuwa na deni. NSSF ya Tanzania huchukua asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Haikuwa imelipwa hata mara moja, na ucheleweshaji una adhabu yake. Kodi ya mapato ya ajira, ambayo mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuikata na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato, TRA, haikukatwa. Kwa kuwa wafanyakazi walifika 10 na kupita, kulikuwa pia na tozo ya kuendeleza ufundi stadi, asilimia 3.5 wakati huo. Ukijumlisha nusu ya NSSF, WCF na tozo hiyo, mwajiri alipaswa kuongeza asilimia 14 juu ya kila mshahara. Kwa fundi wetu ni shilingi 84,000 kwa mwezi, kama milioni 2 kwa miaka miwili yote aliyotumika. Mtu aliyemshauri mkurugenzi atumie njia ya mkato alikuwa amemwokolea kiasi hicho.

Makosa mengine yalikuwa ya kunakili tu. Mkataba ulitoa siku 21 za likizo. Kenya siku hizo ni za kazi; Tanzania sheria inataja siku 28 mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Anayehesabu siku 21 za kalenda amempunja mtu wiki nzima bila kujua. Msimamizi wa Nairobi alikuwa akiingia na kutoka Sirari kila mwezi kama mgeni wa kutembea, huku akiwasimamia watu kazini. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ipo tangu 2010, lakini haijafuta kibali cha kazi, na Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni. Mkurugenzi alipouliza kama angalau wauzaji aliokuwa akifikiria kuwaweka Unguja wangefuata karatasi zilezile, alijibiwa kwamba Zanzibar ina Sheria ya Ajira yake, ya mwaka 2005, na mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF. Muungano ni mmoja, ofisi za kazi ni mbili.

Lakini katika jalada lile aliyeniuma zaidi si fundi. Ni muuzaji wa Geita, dada aliyejifungua Januari 2024. Sheria ilimpa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na zingekuwa 100 kama angejifungua mapacha. Yeye aliomba wiki tatu, akapewa bila malipo, akashukuru. Alirudi kuzunguka minadani na mtoto mgongoni. NSSF ina fao la uzazi kwa mwanachama mwenye michango ya kutosha; yeye hakuwa na mchango hata mmoja. Hakulalamika popote, na muda wa kulalamika ulikwisha pita. Deni la mtu asiyelalamika ni rahisi sana kulisahau, na kwa maoni yangu ndilo la kwanza kulipwa.

Mkurugenzi alikuja mwenyewe Mwanza kwenye usuluhishi. Wakili alimshauri ashikilie neno ushauri mpaka mbele ya mwamuzi, huenda angepunguza kitu. Alikataa. Alimkuta fundi kwenye benchi la nje, akamwambia, "Baba, nimekukosea," na ndani wakaelewana: gharama za hospitali, mishahara ya miezi 12, haki za mwisho wa ajira, na michango yote ya nyuma. Kampuni ilisajili tawi, ikajisajili NSSF, WCF na TRA, ikaandika upya mikataba ya wote 11, na ikamlipa dada wa Geita siku zake 84. Ili kupata pesa hizo mkurugenzi aliuza magari mawili ya kusambazia mizigo. Madai ya fundi kwa Mfuko yalianza kuandaliwa miezi kadhaa baada ya ajali, kumbukumbu nyingi zikiwa zimepotea, na mguu wake mmoja sasa ni mfupi kuliko mwingine. Paani hapandi tena. Anasimamia ghala la kampuni hiyohiyo, Igoma.

Mapema 2025 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria za kazi, na pamoja na mengine likamwongezea likizo mama aliyejifungua mtoto njiti. Mkurugenzi alipata habari hizo kutoka kwa afisa wake wa Mwanza, ambaye sasa kazi yake mojawapo ni hiyo, na mikataba ikabadilishwa.

Mwaka huo huo alianza kupata wateja upande wa Mbarara. Kabla ya kutangaza nafasi hata moja aliandika maswali mawili kwa wakili wa Uganda. La kwanza, NSSF ya kwenu inachukua ngapi? Akajibiwa: mwajiri asilimia 10, mfanyakazi 5, na tangu marekebisho ya 2022 mwajiri hasalimiki kwa kuwa na watu wachache. La pili, mtu akianguka paani, nani analipa? Akajibiwa kwamba huko mwajiri ndiye anayewajibika, na sheria inamtaka awe amenunua bima. Alinunua bima kwanza, kisha akatangaza nafasi nne za mafundi.