Kutojua Uhusiano Si Kujua Kwamba Haupo

PostgreSQL, hifadhidata ambayo ni programu huria, haisubiri kuujua ukweli wote ndipo iamue. Mpangaji wake hukadiria kwanza, kwa takwimu za sampuli, ni mistari mingapi itakayopatikana, kisha huchagua njia ya kuitafuta. Kwa kawaida huzichukulia safu za jedwali kana kwamba hazihusiani, akizidisha uwezekano wa moja kwa wa nyingine. Tuseme rejista ya Wakenya wote ina safu ya kaunti na safu ya kaunti ndogo, na karani anatafuta watu wa Meru, Igembe Kusini. Sharti la Meru halipunguzi mtu hata mmoja, maana Igembe Kusini yote imo Meru. Mpangaji halijui hilo. Kwa sensa ya 2019, Meru ilikuwa na watu 1,545,714 kati ya 47,564,296. Basi atakadiria sehemu moja tu ya 31 ya idadi halisi. Mbeere Kusini, iliyo katika Embu yenye watu 608,599, itapata sehemu moja ya 78. Kwa Nairobi ni moja ya 11. Kaunti ikiwa ndogo, hupunjwa zaidi.

Wapo watakaosema hapa hakuna kosa la kimaadili, kwa kuwa jibu ni lilelile na kilichopotea ni muda. Ni kweli, hakuna aliyedanganywa. Lakini swali linapounganisha majedwali mawili, anayedhani mistari ni michache huweza kupekua jedwali la pili upya kwa kila mstari, njia inayofaa mistari kumi na kuelemewa na laki moja, na anayesubiri ni mwananchi aliye dirishani. Pingamizi la pili ni zito zaidi: hakuna akili iwezayo kujua mahusiano yote, kwani safu 40 tu zina jozi 780. Nakubali, na ndiyo maana simlaumu anayekadiria. Kosa huanza pale kutojua uhusiano kunapogeuzwa kuwa dai kwamba haupo.

Toleo la 10, la Oktoba 2017, lilitoa dawa: amri ya CREATE STATISTICS, ambayo kwayo mtu hutaja safu zinazokwenda pamoja, na mashine ikaupima uhusiano wao. Lazima atajaye awe anapafahamu mahali penyewe. Nanyi mnaotunza rejista za Embu na Meru, zitajeni safu hizo, kisha endesheni ANALYZE, amri ya kuupima uhusiano huo.