Mwili Ukichomwa, Je?



Juma lililopita, kwenye ushirika wa nyumbani, dada mmoja alituletea neno zito. Kaka yake, mtu aliyeokoka, amefariki Nairobi, na aliacha maandishi kwamba akifa achomwe, asizikwe. Wazee wa ukoo huku Ganze wamekataa kata kata. Na sisi tuliokuwa pale tukagawanyika. Mmoja akasema moto ni hukumu, huwezi kumtia mtoto wa Mungu motoni. Mwingine akasema, kwani shida iko wapi, mwili si ni ganda tu? Roho ishaenda zake. Nikaombwa niandike machache kwenye jarida letu. Nitasema mapema: hilo jibu la pili linanitisha kuliko la kwanza.

Tuanze na moto. Wengi tunaogopa kwa sababu hatujui mle ndani kunafanyika nini. Nimewahi kuisindikiza familia moja mahali pa kuchomea maiti, na tulipokuwa tukingoja pale uani mfanyakazi mmoja alitueleza kazi yake bila haraka. Nilitarajia atatuambia habari za moto. Alitumia muda mwingi kutuambia habari za jina. Maiti ikifika, karatasi zinakaguliwa: kibali, jina, nani ametia sahihi. Kisha anapewa namba, na namba hiyo imepigwa kwenye kipande cha chuma kisichoyeyuka. Anaingia nacho kwenye tanuri, anatoka nacho. Anaingia mmoja mmoja, hawachanganywi. Kama marehemu alikuwa na ile betri ya moyo iliyopandikizwa kifuani, hutolewa kwanza, manake ikiachwa hulipuka.

Joto hupanda hadi kati ya nyuzi 800 na 1,000 hivi, na kwa mtu mzima kazi huchukua kama saa moja na nusu hadi mbili. Na hapa ndipo wengi tunakosea: kinachobaki si majivu kama ya jikoni. Ni mifupa, mikavu, inayovunjika ukiigusa. Inaachwa ipoe, vyuma vinatolewa, msumari wa jeneza, goti la bandia, kisha mifupa inasagwa kwa mashine. Mwisho familia inakabidhiwa kilo mbili au tatu hivi za unga wa kijivu, na kile kipande cha namba kinalinganishwa na karatasi tena kabla ya mtu kutia sahihi. Yule bwana alisema hapo ndipo mkono wake hutetemeka. Tanuri analizoea, lakini kumkabidhi mtu majivu asiyemjua wake, hilo analiogopa.

Sasa, je, Mungu atamfufuaje mtu wa namna hiyo? Ndugu zangu, sisi ni watu wa pwani. Ni wavuvi wangapi wametoka Ngomeni, Mayungu au Watamu na bahari haikuwarudisha? Samaki wamewala, chumvi imewamaliza, na bado tunaamini kama Ufunuo 20 inavyotuambia, kwamba bahari itawatoa wafu wake. Mungu anayejua kumkusanya mtu kutoka kwenye matumbo ya papa, atashindwa na unga ndani ya kopo? Na hata kaburini, mchanga wetu huu na mchwa wake, baada ya miaka mia kunabaki nini? Udongo hufanya pole pole kazi ileile ambayo tanuri hufanya kwa saa mbili.

Biblia nayo ina moto wa aina mbili, na nashangaa hatuhubiri sana habari hizi. Sauli na wanawe walipouawa, Wafilisti waliwatundika ukutani Beth-shani. Wanaume wa Yabesh-gileadi wakatembea usiku kucha, wakawashusha, wakawachoma moto, wakaizika mifupa yao chini ya mkwaju, wakafunga siku saba. Na Daudi akawatumia baraka kwa wema huo. Halafu soma Amosi sura ya pili. Moabu anahukumiwa kwa sababu aliichoma mifupa ya mfalme wa Edomu hadi ikawa chokaa. Kule moto na huku moto. Wale wa kwanza walikuwa wakimwondolea ndugu yao aibu. Wa pili walikuwa wakimfuta adui, asibaki hata mfupa wa kukumbukwa.

Wala ndugu yetu hangekuwa Mkristo wa kwanza Kenya. Askofu Mkuu Manasses Kuria wa kanisa la Anglikana, aliyefariki mwaka 2005, alichomwa. Profesa Wangari Maathai, mshindi wa tuzo ya amani ya Nobel ya mwaka 2004, alichomwa Kariokor, Nairobi, Oktoba 2011. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, basi akatengenezewa la mianzi, magugumaji na mafunjo.

Wazee wa Ganze nao wana hoja, tusiwaite washamba. Kwetu Wagiriama kaburi liko nyumbani. Ndilo linalomwambia mtoto huyu ni babu yako, na hapa ni kwenu. Ukirudisha kopo, wanauliza, tumwonyeshe mjukuu nini? Nadhani jibu ni majivu yazikwe bomani, pawe na msalaba na jina. Hilo halikatazwi na maandishi ya marehemu wala na Neno. Nimemwambia dada hivyo, na mimi nitakuwepo siku hiyo.

Lakini narudi kwa yule aliyesema ganda tu. Nasema kwa upole kwa sababu ni rafiki yangu na alisema kwa nia njema ya kufariji. Lakini sisi wa Malindi hatuna ruhusa ya kulisema neno hilo kirahisi tena. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa Shakahola, na miili iliyotolewa msituni ilipita 400, watoto wengi wakiwemo. Kwa mujibu wa mashtaka, watu hao waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kesi iko mahakamani, tuiachie mahakama. Ila mafundisho tunaweza kuyapima. Mtu hawezi kumnyima mtoto wake maji mpaka kwanza aamini kwamba mwili wa mtoto huyo si kitu. Ukishasema mwili ni ganda, kinachofuata ni kuulizana lini tutalivua.

Na tazama kilichofanyika upande wa pili wa mlango wa mochari, hapa hapa mjini kwetu. Wapasuaji wakiongozwa na Dkt. Johansen Oduor, mwanapatholojia mkuu wa serikali, waliichunguza miili hiyo mmoja baada ya mwingine. Wakakuta wengi walikufa kwa njaa, na wengine, hata watoto, walikuwa wamenyongwa. Kama ni maganda, kwa nini kujisumbua? Wangefunika mchanga, wakaenda nyumbani. Badala yake kila mwili ulipewa namba. Sampuli za DNA zikachukuliwa, kwao na kwa jamaa waliojitokeza, zikalinganishwa. Ilifika Machi 2024, karibu mwaka mzima, ndipo miili ya kwanza ikakabidhiwa: minne, ya familia moja. Mwaka mzima watu walikuwa wakifanya kazi kwa ajili ya majina manne, na bado mamia wakibaki.

Wahudumu wa mochari tunawapa mkono kwa kusita, tukiwaona barabarani tunavuka upande mwingine, na wakija ibadani wanakaa viti vya nyuma karibu na mlango. Nimewaona. Hata hivyo, kazi ya wale wanaume wa Yabesh-gileadi ndiyo hiyo wanayoifanya wao.

Kilichowazuia wengine kujulikana si sayansi peke yake. Kuna familia zilizokwisha zote, hakuna wa kutoa sampuli. Na kuna zingine, naamini, ambazo zinaona haya. Mtu anaogopa ataulizwa, kwani wewe ulikuwa wapi ndugu yako akienda msituni? Ataulizwa na sisi, watu wa kanisa. Basi hilo swali tusiliulize. Kama nyumbani kwenu yuko aliyekwenda huko na hajarudi, na hamjatoa sampuli, mwone mzee yeyote wa kanisa baada ya ibada, au nipigie simu mimi. Si lazima useme mbele za watu. Tutakwenda hospitali pamoja, siku utakayochagua.