Ndama Hakutoka Motoni Mwenyewe

Sura ya 31 na ya 32 za kitabu cha Kutoka zimepakana, na zinamweka mtu wa karakana njia panda. Katika ya kwanza, Mungu anamwita Besaleli kwa jina, anamjaza hekima na ujuzi, kisha anamkabidhi kazi ya dhahabu, fedha na shaba kwa ajili ya hema la ibada. Katika ya pili, Haruni anakusanya pete za masikioni mwa watu, anaziyeyusha, anashika patasi na kutengeneza ndama. Wote wawili wametoka Misri juzi tu, na dhahabu yao imetoka kwa watu walewale. Iweje mikono ya mmoja itoe ibada na ya mwenzake itoe sanamu?

Swali hili naingia nalo bandani kila jioni. Nilikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai hadi nilipostaafu, na sasa, hapa upande wa Konoin, Bomet, nina banda la mabati lenye mashine ndogo ya kukereza chuma, drili ya kusimama, jiliwa na tupa za kila aina. Kiwandani kazi yangu kubwa ilikuwa kunoa rola za mashine ya CTC, ile iliyobuniwa na William McKercher kule Assam karibu mwaka 1930. Rola mbili zenye meno hukabiliana, moja ikizunguka takriban mara kumi ya mwenzake, na jani likipita katikati linapondwa, linachanwa na kuviringishwa. Siku hizi sinoi rola. Natengeneza injini ndogo ya mvuke, ya kukaa juu ya meza, ambayo haitaendesha chochote.

"Mzee, hiyo itasaga mahindi?" vijana huniuliza. Haitasaga. Naipenda kwa sababu nyingine, na inafaa nieleze kwa pistoni yake peke yake. Ni ya shaba, kipenyo milimita 20. Nikiikereza, naondoa ganda jembamba kuliko unywele, nazima mashine na kungoja, kwa sababu shaba yenye joto imetanuka na kipimo chake ni cha uongo. Ikipoa ndipo naishika kwa maikromita. Kisha naipaka mafuta, naisimamisha kwenye mdomo wa silinda na kuziba upande wa chini kwa kidole gumba. Ikiteremka mara moja, imelegea. Ikikwama, bado ni nene. Ikishuka taratibu, imebebwa na hewa iliyofungiwa chini yake, na ikadondoka pale tu ninapoondoa kidole, basi imekaa. Hakuna msimamizi wa kunisifu wala wa kumdanganya. Shaba haisikilizi maelezo.

Ni kazi hii iliyonifungua macho kuhusu Haruni. Musa anapomtaka maelezo, anajibu kwamba aliitupa dhahabu motoni, akatoka ndama huyu. Mistari ishirini kabla ya hapo tumeonyeshwa patasi mkononi mwake! Yeyote aliyewahi kuyeyusha madini anajua kwamba motoni hutoka tonge lisilo na sura. Masikio, kwato na mgongo wa ndama vilidai jicho la fundi na mkono uliotulia. Haruni aliifanya kazi hadi watu wakaisujudia, kisha akasema hakuifanya yeye.

Hema lilijengwa kwa namna nyingine kabisa. Mafundi wametajwa kwa majina na ukoo, Besaleli na mwenzake Oholiabu. Sanduku la agano lina vipimo vyake: urefu dhiraa mbili na nusu, upana dhiraa moja na nusu, kimo vivyo hivyo. Na kazi ilipofika mwisho, sura ya 38 inatoa hesabu ya madini yote, dhahabu ikiwa talanta 29 na shekeli 730, kila mtu aone ilikokwenda. Mhubiri akifika hapo huruka. Mimi husoma polepole.

Najua jibu la kawaida: hema liliagizwa, ndama alikatazwa. Ni kweli, nami nasimama nalo. Lakini amri inatuambia lipi lilikuwa ovu, haituambii uovu huo huingiaje mkononi mwa fundi. Naamini huingia pale anapoacha kuijibia kazi yake. Kazi yenye jina, kipimo na hesabu inaweza kuwekwa mbele za Mungu, hata ikiwa ni pistoni isiyosaga mahindi. Kazi isiyo na mwenyewe ndiyo hugeuka kuwa mungu, kwa kuwa kitu kinachosemekana kimejileta chenyewe kitaulizwa na nani?

Mji wa Kericho una shahidi wake katika jambo hili. Puran Singh, aliyezaliwa Punjab mwaka 1898, alikuja huku akiwa kijana na kufanya kazi katika karakana iliyoitwa Kericho Wagon Works. Baadaye alihamia Birmingham, Uingereza, ambako watu walimfuata kama mwalimu wa dini hadi alipofariki mwaka 1983. Leo pale palipokuwa karakana yake pana hekalu la Masingasinga, na anayeingia, awe wa dini yoyote, hupewa chakula bure. Kwao riziki ya jasho halali ni sehemu ya imani, sambamba na kumkumbuka Mungu na kugawana na wengine. Waumini wao huvaa bangili ya chuma kifundoni mwa mkono, iwakumbushe kwamba mkono huo una wa kumjibu. Mimi ni Mkristo, lakini bangili hiyo naielewa vizuri sana.

Haya yote yangebaki mawazo ya mstaafu kama si jirani yangu, mama anayechuma majani mabichi kwa malipo ya kila kilo. Wakulima hapa wameanza kuleta kwangu visu vya mashine za kuchumia chai, zile zinazoshikwa na watu wawili, ili nivinoe. Alisimama mlangoni akaniangalia, akasema, "Mzee, unanoa kitu kinachoninyima unga. Utamwambia nini Mungu?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Mei 2023 hasira ya namna hiyo ililipuka Kericho: mashine za kuchumia chai zikateketezwa mashambani na mtu mmoja akapoteza maisha.

Jibu jepesi lilikuwa mdomoni: dunia imebadilika, mama, teknolojia imekuja. Hilo ni jibu la Haruni neno kwa neno. Teknolojia haikuja. Ilichorwa na mtu, ikaagizwa na mtu, ikapigiwa hesabu na mtu aliyejua ni mikono mingapi itaachwa kando. Kwa hiyo nilimwambia ninachofanya. Namnolea mkulima anayechuma kipande chake mwenyewe na familia yake, ambaye watoto wamekwenda mjini na majani yanakomaa kichakani bila mchumaji. Anayekusanya mashine za kukodisha ili kuwaondoa wachumaji shamba baada ya shamba, huyo simnolei. Hakuridhika na jibu lote, wala sikumtaka aridhike. Nilitaka ajue ni nani wa kumuuliza.

Majirani zetu Wamasai walikosea kwa upande wa pili. Koo zao za wahunzi zilidharauliwa kwa sababu silaha walizofua humwaga damu, na aliyepokea upanga kutoka kwa mhunzi alijipaka mafuta mkononi kwanza ili asipatwe na najisi. Mzigo wote ukawekwa kwa mfuaji, naye aliyechoma mkuki akabaki safi. Kuwajibika hakugawanywi hivyo. Aliyebuni ana sehemu yake, aliyenunua anayo, aliyenoa anayo, na anayekunywa chai hiyo asubuhi anayo vilevile, hata awe London.

Kwa hiyo nawaomba wakurugenzi wa makampuni, viongozi wa kaunti na wachungaji wetu waache kusema mashine zimekuja. Waseme nani ameamua, kwa kipimo gani, na hesabu ya waliopoteza kazi isomwe hadharani kama ile dhahabu ya hema. Kwa upande wangu, kijana akija bandani kujifunza, kabla sijamruhusu kugusa mashine namwonyesha jinsi ya kugonga herufi za jina lake kwenye chuma. Kazi anayoona haya kuigonga jina inarudi kwenye jiliwa. Na ile asiyotaka ijulikane kamwe kuwa ni yake, asiianze.