Chozi na Hiari

Neva ya uso, ya 7 kati ya jozi 12 za neva za kichwa, hupitisha kwa pamoja mambo anayoyaamua mtu na yale asiyoyaamua. Nyuzi zake nyingi huenda kwenye misuli ya uso. Kwa hizo mtu hufumba macho, hununa au hutabasamu apendavyo. Nyingine chache, zinazosafiri sambamba nazo, huamsha tezi za machozi na za mate, na hizo hazingoji idhini yake. Swali la kale la hiari hupata hapa mfano ulio mwilini: je, jambo linalomtoka mtu bila kuamuliwa naye ni tendo lake?

Njia ya chozi huanzia kwenye shina la ubongo. Nyuzi zake huingia katika mfupa wa panja pamoja na zile za misuli, na huachana nazo kwenye kifundo kilicho jirani na sikio la ndani. Za misuli hupinda nyuma na kushuka, zikatokeza chini ya sikio. Za machozi hushika njia ya mbele, hukutana na nyuzi za simpathetiki zilizopanda kutoka shingoni zikiambatana na ateri ya shingo, kisha hupenya mfereji mwembamba wa mfupa hadi kwenye kifundo kingine cha neva, ganglioni, kilicho nyuma ya taya la juu. Nyuzi za simpathetiki hupita tu hapo. Za machozi, ambazo ni za parasimpathetiki, hukoma na kupokeza ujumbe kwa seli nyingine. Nyuzi za seli hizo hudandia matawi ya neva ya 5 mpaka kwenye tezi, juu ya jicho kwa upande wa nje.

John Newport Langley, mwanafiziolojia wa Cambridge, aliupa mfumo wa neva za kazi zisizoamuliwa na mtu, zikiwemo hizi za simpathetiki na za parasimpathetiki, mwaka 1898 jina lenye maana ya kujitawala. Hata hivyo, yeye mwenyewe alikiri kwamba jina hilo linadokeza uhuru mkubwa kuliko uliopo.

Swali la hiari lilijadiliwa pia katika theolojia ya Kiislamu. Humo, Abu al-Hasan al-Ash'ari wa karne ya 10 alifundisha kwamba mwendo wa kutetemeka na mwendo wa kutembea yote miwili huumbwa na Mungu, lakini mtu hujua nafsini mwake tofauti iliyopo baina ya miendo hiyo: wa kwanza humjia kwa lazima, wa pili huuchuma. Uchumaji huo, kasb, ndio unaomfanya awajibike. Kwa kipimo hicho, chozi liko upande wa kutetemeka. Lakini watu hawalichukulii hivyo: msibani, asiyelia husemwa, na anayelia huhesabiwa kuwa ana huruma.

Ugonjwa mmoja husaidia kulitenga jambo hili. Neva ya uso ikiumia na kuota upya, nyuzi zilizokuwa za mate zinaweza kupotea njia na kufika kwenye tezi ya machozi. Mtu akiketi mbele ya sahani ya wali, kila akitafuna machozi humchuruzika shavuni, hali hana huzuni yoyote. Tezi ni ileile na maji ni yaleyale, ila hakuna anayempa pole kwa msiba. Kumbe maana ya chozi haimo katika tezi wala katika neva. Imo katika kile kilichoiamsha njia.

Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aligusa jambo hilo katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din, anapoeleza adabu za kusoma Kurani. Asiyeweza kulia ajilize, na namna ya kujiliza ni kuuletea moyo huzuni kwa kuyatafakari maonyo yaliyomo na upungufu wake mwenyewe. Hakuna amri inayotolewa kwa jicho. Mtu huelekeza fikra, na mwili hufuata wenyewe. Hivyo, anachokichuma mtu ni ile tafakuri iliyotangulia. Mgonjwa anayetokwa na machozi akila hakuchuma kitu, na chozi lake si tendo lake. Msomaji aliyeukabili moyo wake hadi ukalainika amechuma, hata kama chozi lenyewe lilimtoka bila kuamriwa.